Johnny Isakson: dalali wa nyumba aliyeingia bungeni Georgia

Kwetu Pwani, neno dalali halina sifa nzuri. Likitajwa, wengi hukumbuka ploti iliyouzwa mara mbili, karatasi zisizoeleweka, na simu ambayo haipokelewi tena baada ya pesa kutoka. Mwanasiasa naye hana sifa bora kuliko hiyo. Basi mtu akiwa dalali na mwanasiasa kwa pamoja, hukumu huwa imeshatoka kabla ya kesi kusikizwa.

Nataka leo tumtazame mtu mmoja aliyekuwa vyote viwili, tena kwa miongo kadhaa, katika jimbo la Georgia huko Marekani. Jina lake ni Johnny Isakson. Alianza kwa kuuza nyumba, akaingia katika bunge la jimbo lake, kisha akafika Seneti ya Marekani, na alipokufa mwaka 2021 walimlilia wa chama chake na wa upinzani. Hakuwa mtakatifu, na zipo sheria alizozisukuma ambazo ni halali kuuliza zilimnufaisha nani. Kwa hivyo ni mfano mzuri wa swali ambalo nasi tunalo kila uchaguzi: je, mtu wa biashara ya ardhi na nyumba anafaa kutunga sheria za wenzake?

Mtoto wa dereva wa basi

Isakson alizaliwa Atlanta tarehe 28 Desemba 1944. Babu yake mzaa baba alihamia Marekani kutoka Uswidi. Baba yake aliendesha mabasi ya kampuni ya Greyhound kabla ya kuingia katika biashara ya nyumba. Kijana alisoma Chuo Kikuu cha Georgia akamaliza mwaka 1966, na kuanzia mwaka huo hadi 1972 alitumika katika kikosi cha anga cha akiba cha jimbo.

Mwaka 1967 alifungua ofisi ya kwanza ya Northside Realty katika kaunti ya Cobb, kaskazini-magharibi ya Atlanta. Hiyo ilikuwa kampuni ndogo ya udalali wa nyumba ambayo baba yake alisaidia kuianzisha. Mwaka 1979 Johnny akawa rais wa kampuni, na akaiongoza kwa zaidi ya miaka ishirini. Katika muda huo ikawa kampuni kubwa kabisa ya kujitegemea ya kuuza nyumba za makazi katika kusini-mashariki ya Marekani.

Ili kuelewa utajiri huo ulitoka wapi, itazame kaunti yenyewe. Mwaka 1960 Cobb ilikuwa na watu kama 114,000. Mwaka 1970 walikuwa karibu 197,000, na mwaka 1990 walikuwa karibu 448,000. Mashamba na misitu iligeuka kuwa mitaa ya nyumba. Aliyekuwa na ofisi ya kuuza nyumba pale mwaka 1967 alikuwa amekaa penye mkondo wa maji.

Lakini ukuaji huo ulikuwa na upande wake mwingine. Wengi waliohamia vitongoji vya Atlanta wakati ule walikuwa Wazungu wakiondoka mjini, pale shule zilipoanza kuchanganya watoto weupe na weusi. Wapiga kura wa Cobb walikataa mwaka 1965 kuingizwa katika mpango wa usafiri wa umma wa Atlanta, na wanahistoria wengi wanaona hofu ya rangi ilichangia uamuzi ule. Sheria ya Marekani iliyopiga marufuku ubaguzi katika uuzaji na upangishaji wa nyumba ilipitishwa Aprili 1968, yaani baada tu ya Isakson kufungua ofisi yake. Hiyo ndiyo ardhi ya kisiasa aliyokulia.

Bunge la siku arobaini

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu bunge la jimbo la Marekani halifanani na bunge letu la Nairobi. Lina mabaraza mawili. Georgia ina wabunge 180 katika baraza la chini na maseneta 56 katika baraza la juu, wote wakichaguliwa kila baada ya miaka miwili. Linakutana kuanzia Januari, na katiba ya jimbo inaliwekea kikomo cha siku 40 za vikao kwa mwaka. Mshahara wake ni mdogo. Mbunge hawezi kuishi kwa posho ya bunge peke yake. Lazima awe na kazi nyingine.

Ndiyo maana mabunge ya majimbo mengi kule yamejaa mawakili, wakulima, wenye bima na madalali wa nyumba. Wenyewe huuita mfumo huo bunge la raia. Wanasema ni bora sheria zitungwe na mtu ambaye siku ya pili atarudi dukani kwake na kuishi chini ya sheria ileile. Wanaoupinga husema kuwa mtu huyo hulibeba duka lake hadi bungeni. Sisi Waswahili tulishasema zamani: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Na kwa dalali wa nyumba jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu mabunge ya majimbo ndiyo yanayotunga sheria za leseni za udalali, za kodi ya mali, za mikopo, za barabara na za shule. Barabara mpya ikipita kijiji fulani bei ya ploti hupanda. Shule nzuri ikijengwa nyumba za jirani huuzwa haraka. Hakuna sheria kubwa ya maendeleo isiyogusa mfuko wa muuza nyumba.

Kuongoza wachache

Isakson alijaribu mara ya kwanza kuingia baraza la chini mwaka 1974, katika eneo la mashariki ya Cobb. Alishindwa. Akarudi mwaka 1976 na kushinda. Mwaka huo haukuwa rahisi kwa mtu wa chama cha Republican huko Georgia. Jimmy Carter, mwana wa jimbo hilo na gavana wake wa zamani, alikuwa akigombea urais kwa chama cha Democratic, na Georgia nzima ilikuwa nyuma yake. Isakson ndiye Republican pekee jimboni aliyemng'oa mbunge wa Democratic mwaka huo.

Georgia ya leo inaweza kutupotosha. Wakati ule chama cha Democratic kilikuwa kimelishika jimbo kwa zaidi ya karne. Tangu 1872 hakukuwa na gavana wa Republican, na hakupatikana mwengine hadi uchaguzi wa 2002. Kuwa Republican katika bunge la Atlanta ilikuwa kama kukaa kwenye baraza la watu: unasikia mazungumzo, lakini mwenye nyumba ni mwengine.

Alikaa humo vipindi saba, kuanzia 1977 hadi 1990, na tangu 1983 alikuwa kiongozi wa wachache. Nadhani hapa ndipo kazi yake ya udalali ilipomfaa zaidi. Kiongozi wa wachache hana kura za kupitisha jambo lolote. Anachoweza ni kumjua kila mtu, kujua nani anataka nini, na kutafuta pale ambapo haja ya huyu na haja ya yule zinakutana. Dalali mzuri hufanya hivyo kila siku. Muuzaji anataka bei ya juu, mnunuzi anataka ya chini, na dalali asipowakutanisha hapati kitu. Isakson alipenda kusema kwamba watu ni wa aina mbili tu: marafiki, na wale ambao watakuwa marafiki baadaye. Ukilisikia mara ya kwanza ni neno la muuzaji. Lakini aliishi nalo miaka arobaini na zaidi.

Kushindwa, tena na tena

Mwaka 1990 aliacha kiti chake akagombea ugavana dhidi ya Zell Miller wa Democratic. Miller alipata takriban asilimia 53, Isakson asilimia 45. Miaka miwili baadaye alichaguliwa kuingia baraza la juu la jimbo, akahudumu kuanzia 1993.

Mwaka 1996 akajaribu Seneti ya Marekani, yaani ile ya taifa. Katika kura za mchujo za chama chake alikutana na Guy Millner, mfanyabiashara tajiri. Wakati huo suala la uavyaji mimba lilikuwa likikigawa chama, na Isakson alisimama upande wa wale waliotaka serikali isiingilie sana. Wapiga kura wa mchujo walikuwa wahafidhina kuliko yeye. Alishindwa katika duru ya pili. Millner naye akashindwa na Max Cleland wa Democratic katika uchaguzi mkuu. Miaka ya baadaye Isakson alibadilika, akawa anapiga kura pamoja na wapinzani wa uavyaji mimba. Wanaomtetea husema aliongozwa na dhamira. Wanaomlaumu husema alisoma soko. Mimi nasema tu kwamba mtu aliyeuza nyumba maisha yake yote hashindwi kulisoma soko.

Kufikia mwisho wa 1996, basi, alikuwa na umri wa karibu miaka 52, ameshindwa mara tatu na hana kiti. Kwetu mwanasiasa wa namna hiyo angekwenda mahakamani, au angehama chama, au angetukana wapiga kura. Lakini simu iliyomwokoa ilitoka kwa Zell Miller, yule yule gavana aliyemshinda. Bodi ya elimu ya jimbo ilikuwa imevunjika kwa mgogoro kati yake na msimamizi mkuu wa elimu, ambaye alikuwa Republican. Miller alihitaji mwenyekiti ambaye pande zote mbili zingemsikiza. Akamteua Isakson, mpinzani wake, na Isakson akakubali.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, tunasema. Lakini tukio hili lina funzo zaidi ya methali. Gavana hangempigia simu mtu aliyemtukana miaka sita kabla. Namna Isakson alivyoshindwa mwaka 1990 ndiyo iliyomfungulia mlango mwaka 1996.

Washington

Mwishoni mwa 1998 Newt Gingrich, spika wa baraza la chini la taifa na mbunge wa eneo lililojumuisha Cobb, alitangaza kujiuzulu. Uchaguzi mdogo ulifanyika Februari 1999, na Isakson akashinda kwa asilimia 65 hivi. Kwa uzoefu wake wa bodi ya elimu, alishiriki kuandika sheria kubwa ya shule ya Rais George W. Bush, iliyotaka kila jimbo lipime wanafunzi kila mwaka.

Oktoba 2002 alikuwa miongoni mwa wabunge waliopiga kura ya kumruhusu Bush kuivamia Iraq. Siwezi kuandika makala kumhusu na kuliruka jambo hili. Upole wake kwa wenzake bungeni haukuwafikia watu wa Baghdad na Fallujah. Tabia njema ya mtu ni jambo moja, na kura yake ni jambo jingine, na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye hesabu.

Mwaka 2004 Zell Miller, ambaye wakati huo alikuwa seneta wa taifa, aliamua kustaafu. Isakson akaingia mchujo dhidi ya Mac Collins na Herman Cain, akawashinda wote wawili katika duru ya kwanza, kisha akamshinda Denise Majette wa Democratic. Alichaguliwa tena mwaka 2010, na mwaka 2016 akawa Republican wa kwanza wa Georgia kuchaguliwa Seneti mara ya tatu.

Sheria za nyumba

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Alipokuwa Washington, dalali huyu alifanya nini na sheria za nyumba? Zipo tatu zinazojulikana zaidi.

Ya kwanza ni nafuu ya kodi kwa wanunuzi wa nyumba. Soko la nyumba la Marekani lilipoanguka mwaka 2007 na 2008, Isakson alisimama mara kwa mara kukumbusha msukosuko wa 1974 na 1975. Wakati huo alikuwa muuza nyumba kijana, nyumba mpya zilikuwa zimerundikana bila wanunuzi, na serikali ya Rais Ford ikatoa nafuu ya kodi ya hadi dola 2,000 kwa aliyenunua nyumba mpya. Aliamini hatua ile ndiyo iliyolinusuru soko. Mapema mwaka 2009 alipendekeza nafuu ya dola 15,000 kwa mnunuzi yeyote, na Seneti ikakubali. Mabaraza mawili yalipopatanisha miswada yao, kiwango kilishuka hadi dola 8,000, tena kwa wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza. Novemba mwaka huo muda ukaongezwa, na wenye nyumba wa siku nyingi waliotaka kuhama wakapewa hadi dola 6,500.

Matokeo yake yalikuwa mchanganyiko. Watu walinunua, hilo halina ubishi. Lakini mpango ulipomalizika Aprili 2010 mauzo yaliporomoka. Julai ya mwaka huo mauzo ya nyumba zilizokwishatumika yalishuka kwa zaidi ya robo katika mwezi mmoja. Wachumi wengi walisema kwamba watu waliharakisha tu ununuzi ambao wangeufanya hata hivyo. Wakaguzi wa serikali wakakuta pia wizi: miongoni mwa waliodai pesa hizo walikuwamo wafungwa zaidi ya elfu moja, na mtoto wa miaka minne.

Ya pili ilikuja mwaka 2010, katika sheria ya kuzidhibiti benki baada ya msukosuko. Sheria hiyo ilizitaka taasisi zinazokusanya mikopo ya nyumba na kuiuza kwa wawekezaji zibaki na angalau asilimia 5 ya hatari, ili zisiuze mikopo mibovu na kukimbia. Isakson pamoja na Mary Landrieu na Kay Hagan, wote wawili wa Democratic, waliingiza kifungu cha kusamehe mikopo iliyo salama. Wadhibiti walipopendekeza mwaka 2011 kwamba mkopo salama uwe ule ambao mnunuzi ametanguliza asilimia 20 ya bei, maseneta hao watatu walipinga. Walisema familia ya kipato cha kawaida haiwezi kuweka akiba hiyo. Mwaka 2014 wadhibiti wakaliacha sharti hilo. Barney Frank, mmoja wa walioipa sheria hiyo jina, alilalamika kwamba msamaha umeimeza sheria yenyewe. Sisi tunaoikimbia riba tunaweza kuutazama mjadala huu kwa mbali, lakini kiini chake tunakifahamu: ukiweka masharti magumu unamlinda maskini asidanganywe, na papo hapo unamfungia mlango.

Ya tatu itamgusa kila mkaaji wa pwani. Mwaka 2012 bunge la Marekani liliamua kuwa bima ya mafuriko ya serikali itozwe kwa bei inayolingana na hatari halisi. Wenye nyumba za kando ya bahari na mito walipopata bili mpya walipiga kelele. Isakson na Robert Menendez wa Democratic wakaongoza mswada katika Seneti wa kusimamisha ongezeko hilo. Machi 2014 sheria ya nafuu ikatiwa saini, na kwa nyumba nyingi za kuishi ongezeko likawekewa kikomo cha asilimia 18 kwa mwaka. Familia nyingi zilipumua. Wakosoaji wakasema mlipa kodi ataendelea kumgharimia anayejenga mahali ambapo maji yatarudi.

Ukizitazama sheria hizi tatu kwa pamoja utaona mstari mmoja. Zote zinafanya nyumba ziuzike. Zote zinamfaa mnunuzi kwa kiasi, na zinamfaa muuzaji na dalali bila shaka yoyote. Chama cha kitaifa cha mawakala wa nyumba, ambacho ni miongoni mwa makundi yanayotumia pesa nyingi zaidi kushawishi Washington, kilikuwa na sababu ya kufurahi. Je, huo ni ufisadi? Hapana. Hakuna aliyemthibitishia Isakson kwamba alitia kitu mfukoni. Lakini ni ushahidi kwamba mtu huona dunia kupitia dirisha la kazi yake. Mvuvi akiwa mbunge ataanza na bahari. Mwalimu ataanza na shule. Muuza nyumba ataamini, kwa moyo safi kabisa, kwamba nchi itapona nyumba zikiuzwa.

Kuku wa Georgia na nguo za Mombasa

Isakson alitugusa hata sisi, ingawa wengi hatukumjua. Katika Seneti alikuwa Republican wa juu kabisa katika kamati ndogo ya masuala ya Afrika, kwanza akiwa na Russ Feingold kisha na Chris Coons wa Delaware. Georgia na Delaware zina kitu kimoja cha pamoja: biashara kubwa ya kuku. Mwaka 2013 yeye na Coons waliunda kundi la maseneta wa kutetea kuku. Usicheke, kule ni jambo zito.

Tatizo lao lilikuwa Afrika Kusini, ambayo tangu mwaka 2000 iliwatoza kuku wa Marekani ushuru wa kuwazuia wasiuzwe kwa bei ya kutupa. Papo hapo Afrika Kusini ilikuwa ikiuza Marekani magari na bidhaa nyingine bila ushuru, kwa mpango wa AGOA. Mpango huo ulipohitaji kuongezwa muda mwaka 2015, Isakson na Coons walisema wazi: wanauunga mkono, lakini Afrika Kusini ikifunga mlango kwa kuku wetu, isitarajie mlango wetu ubaki wazi. Juni 2015 yakafikiwa makubaliano ya kuruhusu tani 65,000 za kuku kwa mwaka. Mwezi huohuo Rais Obama akatia saini kuongeza AGOA kwa miaka kumi, hadi Septemba 2025.

Na AGOA ndiyo iliyoviweka hai viwanda vya nguo vya EPZ hapa Kenya, vikiwemo vya Mombasa, ambavyo wanawake wengi wa Changamwe na Mikindani wamewahi kuvitegemea kwa mshahara wa mwezi. Mama aliyeshona suruali ya jinsi ya kwenda Marekani hakujua kwamba kazi yake ilikuwa imefungamana na mapaja ya kuku wa Georgia. Lakini ndivyo udalali unavyofanya kazi. Isakson alijua anachotaka, akajua mwenzake anataka nini, akakaa hadi wakakubaliana. Wabunge wetu wanapokwenda kujadili mikataba ya biashara, sijui wangapi wamefika na orodha ya haja zao ikiwa wazi namna hiyo.

Mwisho wake

Kuanzia 2015 aliongoza kamati mbili za Seneti kwa wakati mmoja: ya maveterani na ya maadili. Katika ile ya maveterani alisaidia kupitisha sheria ya 2018 iliyowaruhusu wanajeshi wastaafu kutibiwa kwa urahisi zaidi nje ya hospitali za serikali. Mwaka huohuo wa 2015 alitangaza kwamba ana maradhi ya Parkinson, aliyogunduliwa nayo mwaka 2013. Aliendelea na kazi, kwanza akitembea kwa fimbo. Agosti 2019, baada ya kuanguka na kuvunjika mbavu, alitangaza kwamba angeondoka mwisho wa mwaka, ingawa alikuwa amebakiza miaka mitatu. Alisema kazi ya watu wa Georgia inahitaji nguvu ambazo yeye hana tena.

Novemba 2019 John Lewis, mbunge wa Democratic wa Atlanta na mpigania haki za watu weusi aliyepigwa na polisi daraja la Selma mwaka 1965, alisimama bungeni kumsifu. Alipomaliza alimwendea alipokuwa ameketi, wakakumbatiana mbele ya wenzao. Walikuwa wametofautiana katika kura nyingi mno. Isakson alifariki tarehe 19 Desemba 2021, akiwa na umri wa miaka 76.

Na sisi je?

Maseneta na wabunge wa Nairobi tunawaona kwenye runinga. Lakini aliye karibu zaidi na yule mbunge wa jimbo wa Georgia ni MCA wetu. Katiba ya 2010 imezipa kaunti mipango ya miji, upimaji wa ardhi na nyumba. Bunge la kaunti ndilo linalopitisha sheria za kodi za ploti zetu. Na kila mkaaji wa Likoni, Kilifi, Kwale au Lamu anajua kwamba ardhi hapa haikuwa jambo jepesi tangu sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, iliyowaacha wengi wakiishi kama maskwota juu ya makaburi ya babu zao.

Sisemi tuwakataze wenye biashara ya ardhi wasigombee. Tukiwakataza wao, tutawakataza wafanyabiashara wote, na tutabakiwa na wale ambao siasa ndiyo biashara yao ya pekee. Georgia haikumkataza Isakson, na ilipata kiongozi aliyejua kupatanisha. Ninachosema ni kwamba tuulize maswali matatu kabla ya kura. Kwanza, mtu huyu anamiliki nini na wapi? Ibara ya 75 ya katiba yetu inamtaka afisa wa serikali aepuke mgongano wa maslahi, na sheria ya uongozi na maadili ya 2012 inataka maslahi hayo yaandikwe. Sheria hizo tunazo. Tunachokosa ni mpiga kura anayedai kuonyeshwa. Pili, katika sheria alizozisukuma, nani alipata zaidi, mwenye ploti moja au mwenye ploti mia? Tatu, aliposhindwa, alifanya nini?

Kwa Isakson, majibu ya maswali hayo yamo katika kumbukumbu za umma, mazuri na mabaya, na kila mtu anaweza kuyasoma. MCA wako wa wadi, majibu yake yako wapi?